Ghala na Kibali: Historia ya Bunduki Mkononi mwa Raia, Kutoka Karonga Hadi Dzaleka

Mkimbizi anayeingia Malawi kwa njia ya kaskazini huvuka mto Songwe, akapita Karonga, kisha akasafiri kilomita karibu 600 kwenda kusini hadi kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, si mbali na Lilongwe. Wengi wa wakazi wa Dzaleka ni Wakongo, halafu kuna Warundi na Wanyarwanda, na lugha inayowaunganisha sokoni, ibadani na kwenye foleni ya chakula ni Kiswahili. Karibu kila familia ina habari yake ya bunduki: nani alikuja nayo usiku, alivaa sare gani, alidai nini. Siku hizi zipo pia habari nyingine za bunduki, zinazofika kwa simu kutoka kwa ndugu waliobahatika kuhamishiwa Marekani. Ndugu wa Kentucky anasimulia kwamba mtaani kwake mtu anaweza kutembea na bastola kiunoni, imefunikwa na shati, bila kibali cha yeyote, na wala havunji sheria. Huku watu huguna. Kwa mtu wa Kivu, raia mwenye bastola asiye na karatasi ama ni jambazi ama ni mwanamgambo.

Tofauti hiyo ya sheria ina historia yake, na kipande kikubwa cha historia hiyo kilipita njia ile ile ya Karonga.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 Karonga palikuwa na wafanyabiashara wa aina mbili. Alikuwapo Mlozi bin Kazbadema, tajiri wa pembe za ndovu na watumwa aliyetokana na misafara ya pwani, ambaye alijenga boma lake Mpata, ndani kidogo kutoka ziwani. Na ilikuwapo kampuni ya Waskoti, African Lakes, ambayo watu wa Nyasa waliizoea kwa jina la Mandala. Mwaka 1887 pande hizo mbili zikaingia vitani, na waliolipa gharama kubwa ni Wankonde, wenye nchi, waliochomewa vijiji na kuchukuliwa mateka. Mwaka 1888 alikuja kapteni Frederick Lugard, yule ambaye baadaye angeitawala Nigeria, akaongoza shambulio dhidi ya boma, akajeruhiwa kwa risasi, akarudi bila kitu. Mwaka uliofuata wakaletewa mzinga. Makombora yake yalitoboa ukuta wa miti na udongo kama sindano inavyotoboa kitambaa, yakatokea upande wa pili, na boma likabaki limesimama.

Silaha ya kawaida ya vita vile ilikuwa gobori. Mpigaji humimina baruti mdomoni mwa mtutu, akatia kitambaa, akashindilia kwa mdeki, akatia goroli ya risasi au hata vipande vya chuma, akashindilia tena, akaweka fataki, ndipo apige. Mvua ikinyesha baruti hulowa na mwenye gobori hana tofauti na mwenye rungu. Magobori hayo yalitoka Ulaya. Majeshi ya huko yalipoanza kununua bunduki za kupakia risasi kwa nyuma, katika miaka ya 1860 na 1870, zile kuukuu ziliuzwa kwa bei ya kutupa, makumi ya maelfu kwa mwaka zikapitia Zanzibar, zikabebwa na wapagazi hadi Tabora, Ujiji, Manyema na Nyasa. Hakuna aliyehitaji kibali. Mwenye pembe alipata bunduki, na mwenye bunduki alipata pembe zaidi.

Wauzaji wa bunduki hizo ndio waliokuja kushtuka. Pwani ya Mrima ilipowaka moto wa uasi chini ya Abushiri mwaka 1888, Ujerumani na Uingereza ziliizingira kwa manowari kuanzia Desemba mwaka huo, zikitangaza kuzuia vitu viwili: watumwa wasitoke, silaha zisiingie. Miezi 19 baadaye, Julai 2, 1890, mkataba ukatiwa saini Brussels na mataifa ya Ulaya pamoja na Marekani, Uturuki, Uajemi na Zanzibar yenyewe. Kwa jina ulikuwa mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake ilikuwamo sheria ya kwanza ya silaha iliyoligusa eneo letu lote, kutoka nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini, bahari hadi bahari. Karonga, Bukavu ya baadaye, Unguja na Mombasa zote zilikuwa ndani ya mstari huo.

Inafaa kuusoma mkataba huo polepole. Bunduki za kisasa, zile zenye mtutu wa msokoto ndani, zilipigwa marufuku. Gobori la gumegume na baruti yake ya kawaida liliweza kuendelea kuuzwa pale serikali itakapoona hakuna hatari. Silaha yoyote inayoingia ilipaswa kuwekwa kwanza kwenye ghala lililo chini ya serikali, na hata moja isitoke bila idhini. Kisha ukaja mlango wa pembeni. Mtu mmoja mmoja angeweza kupewa bunduki ya kisasa kwa matumizi yake mwenyewe, mradi atoe dhamana ya kutosha kwamba haitafika mikononi mwa mwingine. Na msafiri vilevile, akiwa na hati ya serikali yake. Bunduki ilipigwa chapa. Mwenyewe akapewa hati yenye jina lake na alama ile ile iliyo kwenye silaha. Hati ilidumu miaka 5 tu, iliweza kuhuishwa, na iliweza kufutwa ikithibitika ameitumia vibaya.

Msomaji aliyewahi kushika leseni ya silaha Nairobi au Dar es Salaam atakuwa ameshaitambua. Jina, namba ya silaha, muda wa kuisha, tishio la kufutiwa: vyote vilikuwamo mwaka 1890. Mkataba haukuandika neno Mzungu kwenye kipengele cha dhamana. Haukuhitaji. Dhamana ya kutosha, machoni pa afisa wa wakati ule, ilikuwa na rangi yake.

Mlozi hakuonekana kuwa mwenye dhamana. Desemba 1895 Harry Johnston, kamishna wa Waingereza, alipanda ziwani na askari wa Kisingasinga na mizinga ya kutosha, boma la Mpata likavunjwa, Mlozi akakutwa amejificha kwenye chumba cha chini ya ardhi, akanyongwa. Hatumlilii, alikuwa muuza watu. Lakini baada yake bunduki za Nyasaland zilikwenda zilikotakiwa kwenda kwa mujibu wa Brussels, yaani ghalani, na karatasi ikabaki kwa wachache.

Aliyeuelewa mpango huo kuliko maafisa wenyewe ni mchungaji John Chilembwe. Usiku wa Januari 23, 1915, watu wake, wengi wakiwa na mikuki, walitoka kwa makundi. Kundi moja lilikwenda Magomero, akauawa meneja wa shamba, William Jervis Livingstone, ambaye ukatili wake kwa wapangaji ulikuwa umesikika kotekote. Kundi jingine lilikwenda Blantyre moja kwa moja hadi ghala la silaha la Mandala. Walishtukiwa, wakaondoka na bunduki chache tu, na uasi ukafa ndani ya siku chache. Chilembwe alipigwa risasi Februari 3. Leo sura yake iko kwenye noti za kwacha. Watu husimulia mengi kuhusu mahubiri yake na shule zake. Mimi naona lile kundi la Blantyre linastahili sura nzima. Katika nchi ya vibali bunduki haziko mitaani, ziko ghalani, na anayetaka kupindua mambo huanzia hapo.

Baada ya vita kuu ya kwanza London yenyewe iliingiwa na hofu. Askari walirudi nyumbani wakijua kupiga, Urusi ilikuwa imepinduka, migomo ilikuwa kila mji. Mwaka 1920 Bunge la Uingereza likatunga sheria iliyomtaka raia, kabla ya kumiliki bunduki, amridhishe mkuu wa polisi kwamba ana sababu ya msingi na kwamba haitahatarisha amani. Hadi hapo Mwingereza alikuwa akinunua bastola bila kujieleza sana. Mtindo huo wa sababu ya msingi ukasambaa katika makoloni, ukakutana na karatasi ya Brussels, na mtoto wao ndiye tunayeishi naye. Afisa anaweza kukupa. Anaweza pia kukunyima. Kila kitu kimo ndani ya neno hilo, anaweza.

Kenya ndiko ilikoonekana neno hilo linaweza kufika umbali gani. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, mlowezi wa Nyeri au Naivasha alikula chakula cha usiku bastola ikiwa kando ya sahani, na aliyeizembea ikapotea aliadhibiwa. Kwa Mwafrika asiye na idhini, kukutwa na bunduki au hata risasi tupu mfukoni kulifanywa kosa la kunyongwa. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa katika miaka ile, na mamia kati yao hawakushtakiwa kwa kuua mtu, bali kwa kukutwa na silaha au risasi.

Dedan Kimathi ni mmoja wao. Oktoba 21, 1956, alipigwa risasi ya mguu na askari wa ulinzi pembezoni mwa msitu wa Aberdare, karibu na Nyeri. Miaka minne alikuwa ameongoza vita msituni, na serikali ilimhesabu kuwa adui wake wa kwanza. Mtu angetarajia mashtaka ya uasi au mauaji. Haikuwa hivyo. Jaji Mkuu Kenneth O'Connor alisikiliza kesi ya bastola moja na risasi 6, zilizokutwa kwa mtu asiye na idhini halali. Kimathi alisema alikuwa njiani kujisalimisha. Hakusadikiwa, na Februari 18, 1957, akanyongwa gereza la Kamiti. Katika historia nzima ya vibali vya kubeba bastola sijui kesi nyingine yenye kuonyesha wazi zaidi kilichokuwa kikipimwa. Bastola iliyokuwa mezani kwa mlowezi na iliyokuwa kwa Kimathi zingeweza kutoka kiwanda kimoja.

Uhuru ulipokuja, funguo za ghala zilibadili mikono, milango haikubadilika. Zanzibar, usiku wa kuamkia Januari 12, 1964, watu wenye mapanga na pinde walivamia vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni, wakafungua maghala, na kufikia asubuhi serikali ilikuwa imekwisha. Nyasaland ikawa Malawi Julai 6 mwaka huo huo, na ndani ya miezi miwili mawaziri wakagombana na waziri mkuu wao, Hastings Kamuzu Banda. Mmoja wao, Henry Chipembere, alikwenda nyumbani kwake kusini mwa ziwa, na Februari 1965 wafuasi wake karibu 200 wakavamia kituo cha polisi cha Fort Johnston, Mangochi ya leo, wakachukua bunduki, wakaelekea Zomba, mji mkuu wa wakati ule. Walipofika Liwonde pantoni ilikuwa ng'ambo ya pili ya mto Shire. Safari ikaishia hapo. Historia ya Malawi ingekuwa nyingine kabisa kama pantoni ingekuwa upande huu.

Banda alijifunza, lakini alijifunza nusu. Sheria ya Silaha za Moto ya Malawi ni ya mwaka 1967, na mkondo wake ni ule ule wa kikoloni: raia aombe, polisi waamue. Waliohesabiwa kuwa wapinzani walikwisha kuanza kujazwa magerezani bila mashtaka, na gereza moja lililoogopwa kupita kiasi lilikuwa Dowa, mahali paitwapo Dzaleka. Hapo ndipo raia alipodhibitiwa. Upande wa pili Banda aliijenga Malawi Young Pioneers, vijana waliotakiwa kuwa wakulima wa mfano, wakageuka kuwa jeshi la chama. Polisi hawakuweza kumkamata kijana wa MYP bila kupitia kwa wakubwa wake. Leseni ya mwaka 1967 ilimbana mwenye shamba aliyetaka kufukuza nyani, haikuwagusa hawa.

Mwisho wake ulikuja Desemba 1993. Wamalawi walikuwa wamekwisha kupiga kura ya maoni Juni mwaka huo na kukataa chama kimoja. Huko Mzuzu, Desemba 1, vijana wa MYP waligombana na wanajeshi baani, wanajeshi wakauawa kwa risasi. Desemba 3 jeshi likaamka. Mjini Lilongwe lilishambulia makao makuu ya MYP mchana kweupe, risasi zikavuma juu ya maduka na nyumba, na wananchi wakaingia nyuma ya askari kubeba mabati, magodoro na chochote kilichoshikika. Ndiyo iliyoitwa Operesheni Bwezani. Baadhi ya vijana walivukia Msumbiji na silaha zao. Msumbiji yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani, ikiwa na bunduki za AK-47 zilizozagaa, na Malawi ya miaka iliyofuata ilionja ujambazi wa silaha ambao watu wa zama za Banda hawakuuzoea. Mwaka 1994 Banda alishindwa uchaguzi, na mwaka huo huo gereza la Dzaleka likawa kambi ya wakimbizi. Majengo ya wafungwa yakapata wapangaji wapya, waliofika wakikimbia maghala mengine yaliyopasuka.

Maana ndivyo ilivyokuwa kwa majirani pia. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, kambi ya Moroto huko Uganda iliachwa bila mlinzi na Wakaramojong wakajichukulia bunduki; ng'ombe waliokuwa wakiibwa kwa mikuki wakaanza kuibwa kwa risasi, na ukanda mzima hadi Turkana na Pokot ukabadilika. Sheria ya silaha ya Uganda ilikuwapo tangu 1970. Zaire nayo ilikuwa na yake: Mobutu aliitia saini Septemba 3, 1985, sheria nzito, yenye madaraja ya silaha na ruhusa za kuzibeba. Ukiisoma bila kujua nchi utadhani ni ya Uswisi. Vita vya 1996 vilipoanza, wanajeshi wa Mobutu walikimbia kutoka Uvira hadi Kisangani wakiacha au kuuza walichobeba. Goma na Bukavu zilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, ilionekana tena: bunduki na sare za jeshi zimetupwa barabarani, na vijana wakiziokota.

Serikali zilikwisha kuliona tatizo na zilikutana mara mbili. Blantyre, Agosti 14, 2001, nchi za SADC zilitia saini itifaki ya kudhibiti silaha za moto. Nairobi, Aprili 21, 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zikatia saini yao. Tanzania na Kongo zimo katika zote mbili. Itifaki hizo zilitaka sheria zifanane: raia asiwe na bunduki za kivita, silaha zote zipigwe alama na kusajiliwa, mwombaji apimwe. Pia zilitaka maghala ya serikali yatunzwe vizuri. Vipengele vya raia vilishughulikiwa kwa bidii kuliko hicho cha mwisho.

Matokeo yake ni kwamba leo sheria za ukanda huu zinafanana sura hata kama hatua zinatofautiana. Tanzania iliandika upya yake mwaka 2015. Huko mwombaji huanzia serikali ya mtaa au kijiji, ambako watu wanamjua kama ni mlevi au mpiga mke, akapanda wilayani kwenye kamati ya ulinzi na usalama, ndipo jina lake lisonge mbele. Napenda hatua hiyo ya kwanza. Jirani anajua mambo ambayo faili la polisi haliyajui, ingawa jirani pia ana chuki zake. Mwaka 2016 wamiliki wote wa Tanzania waliitwa kuhakikiwa. Kenya ina Bodi ya Leseni za Silaha, na Desemba 2018 iliwaita wenye vibali wote wajitokeze upya, maana vibali vya bandia vilikuwa vimejaa. Malawi inaendelea na sheria yake ya 1967. Lilongwe, ukipita usiku kwenye mitaa ya wenye nacho, mlinzi anayekufungulia geti mara nyingi ana tochi, koti zito na rungu.

Kenya ndiyo inayoleta ubishi. Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jengo la Westgate, miongoni mwa wa kwanza kuingia kuwaokoa watu walikuwamo raia wenye bastola za leseni. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa, alimfuata kaka yake mle ndani na bastola yake, akasaidia kuwatoa wanawake na watoto kabla vikosi havijajipanga. Wapenda bastola wa Nairobi hulitaja tukio hilo kila mjadala unapozuka, na wana haki ya kulitaja. Wasichokitaja ni kwamba wale wenye bastola walikuwa watu waliopimwa, wanaojulikana kwa majina, na wengi wao si wa tabaka la mwendesha bodaboda. Kibali cha kubeba bastola Nairobi bado ni alama ya daraja la mtu.

Sasa turudi kwa ndugu wa Kentucky, maana habari yake ni ya kweli. Marekani haina sheria moja ya kubeba bastola ndani ya nguo. Kila jimbo lina yake, na historia yake ilikwenda kinyume na yetu. Kentucky yenyewe ilikuwa kati ya majimbo ya kwanza kukataza kubeba silaha kwa kificho, mwaka 1813, kwa sababu wanaume walikuwa wakichomana visu na kupigana bastola kwa matusi madogo. Mahakama ya jimbo ikaibatilisha sheria hiyo mwaka 1822, ikarudi kwa sura nyingine, vibali vikaja, na tangu 2019 mtu mzima wa miaka 21 asiyezuiwa na sheria hahitaji kibali kabisa. Vermont haikuwahi kukihitaji. Alaska iliachana nacho mwaka 2003, Texas na Iowa mwaka 2021, Ohio mwaka 2022. Kufikia 2024 majimbo 29 kati ya 50 yalikuwa hivyo. Anayenunua dukani bado hukaguliwa kwa kumbukumbu za serikali kuu. Anachoruka ni kibali cha kubeba.

New York ilishika njia ambayo mtu wa Lilongwe angeielewa bila mkalimani. Tangu 1911 ilidai leseni ya bastola, na anayetaka kuibeba mtaani alipaswa kumridhisha afisa kwamba ana sababu maalumu, zaidi ya hofu ya kawaida ya kila mkazi. Watu mashuhuri walipata. Mwenye kioski hakupata. Juni 23, 2022, Mahakama Kuu ya Marekani ikalivunja sharti hilo: afisa hana tena hiari ya kupima sababu ya raia, anaweza tu kuangalia kama amekidhi vigezo vilivyoandikwa. Illinois, iliyokuwa jimbo la mwisho kukataza kabisa, ilikwisha kulegeza mwaka 2013. Na vibali vya jimbo moja si lazima vikubalike jingine. Mkentucky akivuka mto Ohio kuingia Illinois, karatasi ya kwao haimruhusu kutembea mtaani na bastola, sawa na mwindaji wa Mbeya asivyoweza kuvuka Songwe na bunduki yake kwa leseni ya Tanzania pekee.

Kwa hiyo tofauti kubwa haiko katika ukali. Iko katika nani anatakiwa kujieleza. Kentucky serikali ndiyo inayopaswa kuonyesha kwamba hufai. Lilongwe, Kampala, Nairobi na Dar es Salaam wewe ndiye unayepaswa kuonyesha kwamba unafaa, na anayeamua hufuata njia iliyochorwa 1890. Sipendekezi tuige Kentucky. Oktoba 25, 2023, huko Lewiston, jimbo la Maine, mji wenye Wasomali na Wakongo wengi, mtu mmoja aliua watu 18 kwa bunduki, na Maine nayo ni jimbo lisilodai kibali cha kubeba silaha tangu 2015. Ndugu zetu walikimbia bunduki Kivu wakazikuta huko, za aina nyingine, mikononi mwa watu wa aina nyingine.

Na waliobaki Dzaleka wana kibali chao cha kufikiria. Kambi iliyopangiwa watu 10,000 hadi 12,000 ina zaidi ya 50,000. Sheria ya Malawi inamtaka mkimbizi akae humo, na kutoka ni kwa ruhusa: useme unakwenda wapi, kwa sababu gani, hadi lini. Machi 2023 serikali iliamuru wote walioishi na kufanya biashara nje warudi kambini kufikia Aprili 15. Mei polisi wakaanza kuwakusanya Lilongwe, na maduka ya watu walioanza na meza moja ya nyanya yakafungwa. Januari 2025 Marekani nayo ikasimamisha kupokea wakimbizi, na waliokuwa wakisubiri safari wakaambiwa wasubiri tena. Mtu asiye na bunduki wala shauku nayo anapimwa kwa kipimo kile kile cha mwenye bunduki: sababu ya msingi, muda maalumu, na afisa anayeweza kusema hapana.

Nimeitafuta katika historia hii bunduki ya leseni iliyowahamisha watu wa Kivu, wa Bujumbura, au hata wa Lilongwe mwaka 1993. Haipo. Zilizowahamisha zilinunuliwa na serikali, zikatunzwa na serikali, zikaibwa, zikauzwa au zikatupwa kutoka maghala ya serikali. Bunge la Malawi litakapoifungua upya sheria ya 1967, na ni lazima siku moja liifungue, lisianze na umri wa mwombaji wala ada ya leseni. Lidai kwanza hesabu ya bunduki za polisi na jeshi, ghala kwa ghala, namba kwa namba, isomwe bungeni kila mwaka. Na majirani waliotia saini Blantyre na Nairobi wadaiwe hiyo hiyo.